Nashona sare za wanangu, mke wangu anasema namwaibisha

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mkazi wa Tanga mjini, nina mke mmoja na watoto watatu. Kwa miaka 14 nimekuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mizigo ya kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Mwaka jana mgongo ukanishinda. Daktari akaniambia nikiendelea kukaa kwenye usukani siku nne tano mfululizo, itafika siku nishindwe kuinuka. Nikashuka kwenye gari. Tangu hapo niko nyumbani, nafanya vibarua vinapopatikana, na anayeibeba nyumba kwa sasa ni mke wangu. Ana kibanda cha vitafunwa karibu na stendi. Anaamka saa 10 alfajiri kukanda unga, anarudi jioni miguu imevimba.

Kushona nilijifunzia barabarani. Nikiwa utingo, dereva wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja Mpare. Yeye alikuwa akisema turubai ni nguo ya mzigo, na mzigo ukilowa, anayekatwa mshahara ni dereva na utingo wake. Tukikwama foleni ya Tunduma, wenzetu wanacheza karata, sisi tunapanda juu ya mzigo na shazia na uzi wa nailoni wa nyavu, tunaziba pale kamba ilipolila turubai. Alinifundisha kukata kipande cha mpira wa tairi na kukivaa kiganjani ili nisukume sindano bila kujichoma. Kovu la siku niliyopuuza ninalo mpaka leo.

Nilipokaa nyumbani nikaanza kuona mambo ambayo nikiwa safarini sikuyaona. Mwanangu wa pili, wa kiume, yuko darasa la 6. Siku moja alirudi shule begi amelishusha mpaka makalioni. Kumbe kaptura ilikuwa imefumuka, naye ametembea hivyo tangu asubuhi. Ada serikali iliondoa, lakini sare ni juu ya mzazi. Na fundi wa mtaani ukimpelekea kaptura iliyofumuka anaitupa chini ya rundo, kwa sababu kwake hiyo siyo kazi. Nikanunua sindano ndogo na uzi wa bluu na mweupe, nikaishona. Kesho yake nikapinda upindo wa sketi ya mdogo wake. Baadaye vifungo, mashuka, mfuko wa mama yao wa kubebea fedha kibandani. Bi Mshauri, nisikufiche, zilikuwa siku za kwanza tangu nishuke kwenye lori ambazo nililala nikijiona nimefanya kazi.

Nashona barazani kwa sababu ndani hakuna mwanga. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Majirani walianza na utani, kisha likawa jina: "fundi wa mkewe". Mdogo wangu wa kiume alipokuja na kunikuta na sketi ya mtoto mapajani, alicheka mpaka akashika ukuta, akaniambia, "Kaka, umeolewa wewe." Nilinyamaza. Wanawake wa kikundi cha mke wangu cha kuweka na kukopa nao wakamwuliza mbele za watu, mumeo akishona na wewe kazi yako nini? Siku hiyo alirudi hakula.

Yakaongezeka mawili. La kwanza, nilikuta kabatini gauni lake la maua ya bluu, zuri sana, limepasuka kwapani. Nikaona nimfurahishe. Uzi wa bluu ulikuwa umeisha, nikalishona kwa mweupe, mshono nikaufanya mdogo mdogo kwa uangalifu wote, nikalikunja nikaliweka kitandani. Alipoliona hakushukuru. Alisema, "Nani kakwambia nataka kulivaa?" Akalirudisha kabatini, hatukuzungumza siku mbili. La pili, yule mwanangu alianza kukaa karibu yangu, mwisho akaomba sindano, akashona mwenyewe mkanda wa begi lake. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, akamnyang'anya begi mkononi na kunigeukia: "Baba, unanilelea mjukuu awe nani?" Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Usiku ndipo aliposema kwamba namwaibisha yeye na kwao, na kwamba kama nina mikono ya kushona nitafute kazi ya maana.

Sijui nifanye nini. Nikiacha, watoto watarudi kwenda shule na pini. Nikishona kwa kujificha usiku, nitajiona mwizi nyumbani kwangu. Nikiendelea, naona ndoa yangu inafumuka mahali ambapo sindano yangu haifiki. Na huyu mtoto nimwambie nini, kwamba alichofanya ni kibaya? Halafu lile gauni, je, nilifumue nirudishe kama lilivyokuwa?

Ni mimi,
Baba wa Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia jioni. Kwanza pole kwa mgongo, na pole kwa lori. Mtu aliyeendesha miaka 14 akishuka, hata usingizi wake hubadilika. Umeliandika jambo hilo kwa mistari michache kisha ukakimbilia kwenye kushona. Mimi nitalirudia, maana nadhani limekaa katikati ya haya yote.

Kama nimekuelewa, unasema hivi: una ufundi unaoisaidia nyumba yako, unaufanya kwa mapenzi, na watu unaowapenda wanauona ni aibu. Unataka kujua kama uache, ujifiche au uendelee, na mwanao umfundishe au umkataze. Mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, umeuliza habari za gauni. Nitaanza na sindano yenyewe kwa sababu naipenda, na kwa sababu ulichotendewa hapo barazani kimeniuma.

Kesho tembea Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, uangalie mafundi waliokaa nyuma ya cherehani. Utaona wengi ni wanaume. Kanzu anayoivaa mdogo wako Ijumaa, kama ni Mwislamu, huenda imeshonwa na mwanaume. Suruali aliyokuja nayo kukucheka huenda ilikatwa na kupindwa na mwanaume. Mji wenu una jina lilelile la kitambaa cha chombo, na matanga ya majahazi hapo bandarini, Pangani na visiwani, yalishonwa na kutiwa viraka na mabaharia wenyewe, wamekaa mchangani miguu wameinyoosha. Nenda nyuma zaidi utaukuta mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi badala ya kupigiliwa misumari. Wanaume walishona chombo kizima, wakakipanda, wakakitegemea katikati ya bahari. Sijasikia kwamba kuna aliyewaambia wameolewa.

Baba yangu mimi alikuwa baharia. Sindano yake ya tanga ilikaa kwenye bomba la mwanzi, na alikuwa na kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani, kazi yake ileile ya mpira wako wa tairi. Niliposoma habari za kovu lako niliuona mkono wake. Nimekwambia haya ili ujue nakuandikia nikiwa upande gani, nawe uyapime maneno yangu ukijua hilo.

Basi kuna tofauti gani kati ya fundi wa Ngamiani na wewe? Sindano ni ileile, uzi ni uleule, baraza ni baraza. Naona iliyopo ni moja. Yule analipwa. Mwanaume akishona kaptura ya mtoto wa mwenzake kwa shilingi 2,000 anaitwa fundi, akishona ya mwanawe bure anapewa jina. Kwa hiyo sidhani kwamba majirani wanaicheka sindano. Nadhani wanakuona uko nyumbani mchana, saa ambazo walizoea kusikia uko Zambia, na sindano imewapa mahali pa kuliweka hilo. Wangekukuta umekaa na bao pengine wasingesema kitu, nalo ni jambo la kusikitisha, kwamba kukaa bure kunaonekana kuna heshima kuliko kuziba tundu la nguo ya mtoto. Lakini ndivyo mitaa yetu ilivyo, na mkeo anaishi humohumo.

Sasa tumtazame yeye. Umeandika kana kwamba anaona kushona si kazi ya mwanaume. Una hakika? Rudia ulichoniandikia. Kaptura ulipoishona, hukuniambia kwamba alilalamika. Sketi ulipoipinda, hivyohivyo. Mfuko wake wa fedha ulimshonea, na kwa ninavyosoma anautumia. Ugomvi ulianza pale aliposemwa mbele za wenzake. Mwanamke anayeamka saa 10 alfajiri, halafu anaulizwa na wanawake wenzake "na wewe kazi yako nini?", amechomwa mahali pabaya sana. Amesikia kwamba hafai kuwa mke. Na huenda nyuma ya swali hilo amesikia jingine, kwamba mumewe hana kazi. Akakaa nayo yote mawili hajala. Kwa hiyo aliposema unamwaibisha, mimi nasikia pia mtu aliyechoka kuwa ukuta kati yako na maneno ya watu. Simjui mkeo, nakisia tu. Wewe ndiye unayeweza kumwuliza, na katika barua yako yote sijaona mahali ulipomwuliza.

Hapo tunafika kwenye gauni. "Nani kakwambia nataka kulivaa?" Umeyachukua maneno hayo kama kukosa shukrani. Mimi nimeyasoma kama swali. Yawezekana gauni halimwingii tena tangu alipozaa, na kulikuta limekunjwa kitandani kukamkumbusha mwili alioupoteza. Yawezekana lina kumbukumbu ambayo huijui, maana ulikuwa barabarani miaka mingi na kuna mambo yaliyompata ukiwa mpakani Kasumbalesa. Na yawezekana, nalisema hili kwa upole, kwamba alikuwa akitarajia kulitupa na kununua jipya. Fedha ya kibanda inapita mikononi mwake, lakini yote inaishia kwenye unga, mafuta na ada za kikundi. Ukimshonea lililochanika bila kumwuliza, kwake inaweza kusomeka hivi: usitegemee jingine. Mtoto ukimtia kiraka anafurahi aende kucheza. Mtu mzima, hasa aliyewahi kuishi miaka ya dhiki, kiraka humwambia habari nyingine. Na wewe ulitumia uzi mweupe kwenye bluu, mwanangu. Najua uliishiwa. Lakini mwanamke akiinua mkono kuchukua chapati, kwapa linaonekana na kila mteja.

Kwa hiyo kabla hujaamua uache au uendelee, nakuomba ulitenganishe fungu hili. Kuna nguo za watoto, kuna nguo zako mwenyewe, na kuna nguo za mkeo. Haziko sawa. Kuziba tundu kwenye suruali yako huhitaji ruhusa ya mtu. Kufungua kabati la mtu mwingine ni jambo jingine, hata kama moyo ulikuwa safi.

Tuseme unaacha. Nyumba itatulia kwa muda, mama mkwe ataondoka amefurahi, na jina la barazani litasahaulika. Lakini umeniambia kwamba siku ulizoshona ndizo siku ulizolala ukijiona umefanya kazi, na mtu hatupi kitu cha namna hiyo bila kuweka kingine mahali pake. Mwanaume aliyepoteza kazi, akapoteza na hiki kidogo, mara nyingi hasira humtokea mlango mwingine. Ukiamua kuacha, jiulize mchana utaujaza na nini.

Kujificha usiku naona umeshajijibu mwenyewe, nami sina la kuongeza ila hili: watoto watajua. Watakachojifunza hapo ni kwamba baba anafanya jambo la kufichwa, nao watalibeba hivyo.

Kuendelea nako kuna gharama yake. Anayeilipa kwa kiasi kikubwa ni mkeo, kwa sababu wewe umebaki barazani kwako na yeye ndiye anayekwenda kukaa katikati ya wale wanawake. Pengine inatosha kuhama baraza, ukasogea dirishani au uani penye mwanga. Huko si kujificha. Unampa nafasi ya kupumua wakati mnatafuta namna ya kulizungumza. Pengine utajiona umeshindwa, na hilo nalo ni haki yako kulihisi. Wako wanaume wangekaa palepale barazani kwa makusudi mpaka mtaa uchoke kucheka, na mitaa huchoka kweli, nimeona. Lakini hilo mngeliamua wawili, maana kicheko kinawaangukia wote.

Kuna na neno lake la mwisho, kwamba kama una mikono ya kushona utafute kazi ya maana. Lilikuuma, nami ningeumia. Lakini ligeuze upande wa pili. Umesema mafundi wanazitupa chini ya rundo nguo zilizofumuka kwa kuwa kwao si kazi. Zipu mbovu, upindo uliolegea, begi la shule lililokatika mkanda, turubai la kibanda, hema la shughuli: kuna kazi hapo ambayo fundi wa magauni haitaki. Mtu anayejua kushona turubai ana mkono ambao wengi hawana. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha ushonaji na vinapokea watu wazima. Hata hivyo usikimbilie. Cherehani ya kukanyaga inataka mgongo, nawe mgongo ndio uliokushusha kwenye lori, kwa hiyo daktari wako asikie kwanza. Halafu ndugu na majirani, hao hao wanaokucheka, watakuwa wa kwanza kuleta nguo na kusema "nitakulipa". Na lipo jambo ninaloliogopa zaidi: isije ikawa umeifanya biashara ili tu sindano ipate heshima machoni pa watu, na zile kaptura za wanao zikarudi kuwa kitu cha aibu kwa kuwa hazina malipo.

Mwanao sasa. Ameona begi lake limekatika, ameomba sindano, amelishona. Umri wake nadhani ni miaka 12 hivi, na jambo hilo amelifanya bila kutumwa. Kwa nini bibi yake aliogopa? Wazee wetu wa kike wamewaona wavulana wakisumbuliwa na kupewa majina, nao hudhani njia ya kumkinga mtoto ni kumnyang'anya kile anachosumbuliwa nacho. Ni hofu ya mapenzi, isikie hivyo. Lakini nimeona na upande mwingine. Kaka yangu mkubwa alifiwa na mkewe akiwa na miaka 60. Arobaini haijaisha nilikwenda kwake asubuhi, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na shati jeupe mapajani, kifungo amekishika mkononi. Alikuwa amekaa hivyo muda mrefu. Sindano ilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, hatua mbili tu, lakini hakujua hata uzi unafungwaje fundo. Aliniambia, "Dada, sijawahi kushika hiki kitu." Nikamshonea, akavaa, akatoka. Mimi nilibaki pale nikalia, na kilio kile hakikuwa cha wifi yangu peke yake. Tulikuwa tumemlea kaka yetu hivyo sisi wenyewe, mama yangu na sisi dada zake.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna ubaya kumfundisha mvulana kushikiza kifungo, moyo wangu unajulikana. Ila yeye ndiye atakayekwenda nayo shuleni, kwa hiyo mwulize kama anataka kuendelea, na kama ameshasikia maneno. Akisema hataki tena, usimburure ili kuthibitisha jambo lako kwa mama mkwe. Akitaka, mwite na mdogo wake, na mkubwa wao kama yupo nyumbani, mkae wote, ili isiwe kazi ya mmoja aliyetengwa. Anza na kifungo. Uzi usizidi dhiraa moja, kiwiko mpaka ncha ya kidole, ukizidi hapo unajisokota. Uupitishe kwenye nta ya nyuki au kipande cha mshumaa. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, ashone juu yake, kisha aichomoe na kuuzungusha uzi chini ya kifungo mara tatu nne, kifungo kipate shingo. Kikishonwa kwa kubanwa sana kitang'oka na kitambaa chake. Baada ya hapo mshono wa kwenda mbele hatua mbili na kurudi moja, ambao ndio unaokaa makalioni mwa kaptura ya mtoto anayepanda miembe. Na asishone nguo ikiwa mwilini. Bibi yangu alisema inaleta ufukara. Mimi nasema italeta damu.

Kwa mama mkwe nenda na mkeo, usiende peke yako. Na kama ninyi ni Waislamu, najua wapo watakaokupa ile hadithi ya Bibi Aisha, aliyeulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Kama ni Wakristo, watakutajia Paulo, aliyekuwa mshona mahema kama ilivyoandikwa katika Matendo 18. Ni maneno mazito na yamenifariji mimi mwenyewe. Yaweke moyoni yakutie nguvu. Usiyatumie kumfunga mkeo mdomo. Ukimshinda kwa dini atanyamaza, na swali la gauni litabaki kabatini vilevile.

Mdogo wako mwachie muda. Siku zipu yake itakapoharibika saa 2 asubuhi ana safari, atapiga hodi.

Zungumza na mkeo siku ambayo haendi kibandani, miguu yake ikiwa imepumzika. Usianze na sindano. Mwambie kwanza kuhusu lori, kwamba tangu ushuke hujui mchana uuweke wapi, maana sidhani kama umewahi kumwambia. Mwache naye aseme ya wale wanawake mpaka yaishe, bila wewe kujitetea. Kama atalia, mwache alie. Kama atasema bado hataki uonekane na sindano barazani, sikia, usijibu siku hiyo.

Gauni usilifumue bado. Ukilifumua kimyakimya utakuwa umeligusa mara ya pili bila ruhusa. Nenda dukani ununue kigurudumu kimoja cha uzi wa bluu ile ya maua yake, ukiweke juu ya meza. Kisha mwulize lile gauni lina habari gani, nawe ukae chini umsikilize.